Kipara cha Havugimana

Havugimana alipojiunga na watembezi wa Jumapili, Dative Mukamugema ndiye aliyemkaribisha, ndiye aliyemkatia jibini, na ndiye aliyemwonyesha mti mmoja mmoja kwa kidole chake mwenyewe. Baadaye, Dative alipokosa usingizi, hicho kidole ndicho kilichomuuma kuliko yote.

Walisali parokia moja. Havugimana alikuwa na depo ya mbao na makala kule Birere, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyezoea kuongea akitazama chini kana kwamba ameangusha sarafu. Alisema daktari amemwambia atembee, moyo wake umechoka kubeba mwili. Hakuna aliyemshuku. Kundi lile lilipokea kila mtu. Dative, aliyekuwa akiuza miche ya miti na maua kando ya barabara ya Katindo, alilianza na watu sita tu, akiwemo rafiki yake Cibalonza, karani wa ofisi moja ya usafirishaji aliyehamia kutoka Bukavu. Sasa walifika arobaini. Baada ya misa ya kwanza walibadilisha viatu, wakapanda kutoka mjini na watoto wao, na mahindi ya kuchemsha, na visamaki vya sambaza vya kukaanga vilivyofungwa kwenye karatasi, wakaenda kuangalia ndege na kujifunza majina ya miti. Mtu aliyeishi wiki nzima kwenye vumbi na honi alirudi nyumbani jioni akiwa mwepesi.

Mahali walipopapenda kuliko pote ni Kamivumu, kilima kidogo kaskazini mwa mji. Mwaka ule wa volkano, lava ilishuka kama inakuja kukimeza, ikafika chini yake, ikagawanyika. Mkono mmoja ulipita kushoto, mwingine kulia, na kilima kikabaki katikati kama kisiwa, miti yake thelathini na mmoja imesimama. Watu waliokuwa wamekimbilia pale walilala siku tatu chini ya hiyo miti, wakizungukwa na mawe yanayotoa moshi. Kila familia ilikuwa na mti wake, na kila mti ukabaki na jina la familia iliyolala chini yake. Muvumu wa kwa Sebahire. Musave wa kwa Nsengimana. Na juu kabisa, karibu na ukingo, murinzi wenye maua mekundu, mti wa Nyirarukundo, mama yake Dative, ambaye kifua chake hakikuuweza ule moshi. Alikufa usiku wa pili, akazikwa pale pale, kwa sababu hapakuwa na njia ya kumpeleka popote.

Tangu hapo ilikuwa imepita miaka kumi na tano. Kila Jumapili waliyofika, Dative alisimama kwenye kila mti na kueleza nani alilala hapo, nani alizaa hapo, na nani aligawa unga wake wa mwisho. Ndege wa chozi walirukaruka kwenye maua ya murinzi, na watoto walishindana kuwahesabu.

Havugimana alikuja Jumapili tatu. Aliuliza maswali mengi kuliko wote, na Dative alifurahi, maana mwalimu gani hapendi mwanafunzi anayeuliza? Aliuliza umri wa kila mti. Aliuliza upi unaliwa na mchwa na upi hauliwi. Dative akamwambia musave ndio wa kujengea, mchwa hawaugusi, na muvumu si wa mbao ila makala yake si mabaya. Halafu Havugimana alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: alikumbatia miti. Aliufikia mti, akafungua mikono, akaukumbatia shavu likigusa gamba, akahamia mwingine. Akina mama walimpiga picha na kusema huyu baba kweli ana moyo. Cibalonza peke yake alimnong'oneza Dative kwamba anaukumbatia mti kama fundi nguo asiye na tepu anavyomkumbatia mteja. Dative alimkemea kwa kuwa na mawazo mabaya.

Kisha shangazi yake Dative akafariki Rutshuru. Dative alienda maziko, akakaa siku tisa.

Aliporudi alipanda Kamivumu siku hiyo hiyo, amechoka na safari, kwa sababu alitaka kukaa kidogo na mama yake. Alipofika bondeni alidhani amekosea njia. Kilima kilikuwa cheupe kwa unga wa mbao. Visiki thelathini na kimoja vilikuwa bado vinavuja maji. Chini, mahali lava ilipogawanyika, kulikuwa na alama za matairi ya kamio la mizigo zilizopanda mpaka juu, na majivu ya makala yalikuwa bado na joto ukiyagusa. Murinzi wa mama yake ulikuwa umelala kwa urefu juu ya kaburi, haukupasuliwa, haukuchomwa, haukuchukuliwa. Murinzi hauna faida kwa mtu wa mbao. Uliangushwa kwa sababu ulisimama mahali ambapo kamio lilitaka kugeuka.

Dative hakulia pale. Alikata tawi moja la murinzi lililokuwa bado bichi, akalibeba nyumbani akalichomeka kwenye ndoo ya udongo. Kesho yake asubuhi akaenda Birere.

Havugimana alimpokea vizuri, akamtolea kiti. Alimwonyesha karatasi yenye muhuri: mwenye kilima anaishi mbali, ameuza miti, yeye amenunua, kila kitu kiko sawa. Dative akamwuliza kama hakujua kwamba kuna kaburi. Akajibu kwamba kaburi hakuligusa.

"Mama Dative, miti si batu," akasema, akitazama chini kama kawaida yake. "Sikuiba. Wewe mwenyewe ndiye ulinionyesha. Na ile misave, nakushukuru, ulisema kweli. Haina mududu hata mumoja."

Hakusema kwa kumdhihaki. Alikuwa akimshukuru kweli, na hilo ndilo Dative hakuweza kulimeza. Aliinuka kwenye kile kiti bila kuaga. Njiani kurudi Katindo alipita katikati ya magari na mikokoteni bila kuyaona, na alipofika kwenye miche yake alikuwa ameshajua jambo moja tu: huyu mtu atakumbukwa. Hakujua bado kwa njia gani.

Jumapili iliyofuata watembezi walitaka kwenda kwingine. Cibalonza alipendekeza Ziwa la Kijani, watu wapumzishe macho. Dative alikataa. Aliwapandisha Kamivumu juani, akawasimamisha kwenye kisiki cha kwanza, akasema kama alivyosema siku zote: hapa walilala kwa Sebahire, watu saba, na mtoto mchanga. Kisha akaongeza: umekatwa na Havugimana wa depo ya Birere, aliyekula nasi. Akaenda kisiki cha pili. Akafanya hivyo mpaka cha thelathini na moja, hakuruka hata kimoja, na watu walimfuata wakiwa wameinamisha vichwa kama kwenye Njia ya Msalaba.

Mwishoni msichana mmoja mdogo akauliza kama kilima bado kinaitwa Kamivumu wakati mivumu haipo. Swali la haki. Dative akakiangalia kile kilima, kilivyong'aa katikati na majani machache pembeni, akasema:

"Sasa kinaitwa Kipara cha Havugimana."

Watu walicheka. Walikuwa hawajacheka tangu asubuhi, na kicheko kiliwatoka kwa nguvu, wengine mpaka wakashika magoti, kwa sababu Havugimana mwenyewe alikuwa na kipara cha katikati, cha duara, kama sahani. Dative hakucheka. Aliwasikiliza wakicheka, na akaelewa kwamba ameshika silaha.

Toka siku hiyo aliitunza ile silaha kama alivyotunza miche. Alilimwagilia lile jina kidogo kidogo kila siku. Mteja akija kutafuta mti wa kivuli, Dative alimwuliza kama ameona mahali pasipo kivuli, na kama hajaona, aende Kipara cha Havugimana ajionee. Motari waliopaki pikipiki zao mbele ya miche yake walilipenda jina siku ya kwanza tu, na baada ya mwezi mmoja walikuwa wakipatana bei ya safari kwa kusema "mpaka Kipara". Watembezi waliongezeka, watu ambao hawakuwahi kujali ndege wala mti walikuja kuona. Dative alinunua rangi nyeupe, akaandika jina lote kwa herufi kubwa juu ya jiwe la lava chini ya kilima. Mwaka ulipoisha, hata watu wasiomjua Havugimana walijua kwamba kuna kilima chenye kipara na kwamba mwenye kipara ni yeye.

Havugimana mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaacha kucheka. Alimtuma katekista amsemeze Dative habari ya kusamehe saba mara sabini, na Dative akamjibu katekista kwamba hajamtukana mtu, anaeleza tu yaliyotokea. Akawatuma wazee wa mtaa, wakajibiwa hivyo hivyo. Halafu akafanya jambo ambalo Dative hakulitegemea. Alileta vijana na majembe, akapanda miche mia tatu ya mikaratusi juu ya kilima.

Cibalonza alifurahi sana. Alikuja mbio Katindo kumwambia rafiki yake kwamba wameshinda, kwamba mtu amejirudi. Dative alisikiliza, akasema vizuri, akaendelea kupanga vikopo vyake. Asubuhi ya kesho, kabla jua halijatoka vizuri, alikuwa juu ya kilima aking'oa.

Aling'oa mia na hamsini siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa anamalizia wakati Cibalonza alipotokea, amekuja na kopo la maji kuiangalia ile miche kabla ya kwenda kazini. Alisimama akaona mistari ya miche iliyolazwa, mizizi ikiwa imeelekezwa kwenye jua kwa makusudi, na Dative akiwa amepiga magoti na vidole vimejaa udongo.

"Dative, unafanya nini?"

"Hii si miti, ni blanketi. Anataka kujifunika."

"Ni miti," Cibalonza akasema. "Wewe ndiye ulinifundisha."

Dative aling'oa mwingine. Cibalonza aliokota michache iliyokuwa bado na unyevu, akaifunga kwenye kitenge chake, akashuka. Miezi minne hakutembea na kundi tena, na walipokutana kanisani walisalimiana kama watu wa mitaa tofauti. Mikono ya Dative ilinuka mkaratusi siku mbili hata baada ya sabuni. Kwa ile miche aliona haya, haya ya kweli, maana hakuwahi kuua mche maishani mwake. Kwa Havugimana hakuona haya hata kidogo.

Basi ikafika siku ya kuposwa kwa Umuhoza, binti mkubwa wa Havugimana. Kwa watu wao, siku ya posa ni siku ya maneno. Wasemaji wa pande mbili hukaa wakitazamana na kuchokozana kwa heshima, na watu hucheka, na mwisho ng'ombe wa mahari hutajwa. Dative hakualikwa, lakini mji mzima ulimletea habari kabla ya jioni. Msemaji wa upande wa muoaji, mzee mmoja wa Masisi mwenye ulimi, alikubali kila alichoombwa. Ng'ombe wapo, akasema, wanene, wa maziwa. Shida yao ni moja: familia hii itawachunga wapi? Wakiwapeleka kwenye Kipara cha baba mkwe, watakosa hata kivuli cha kucheulia.

Turubai lilitikisika kwa kicheko. Walicheka wageni, walicheka wenyeji, walicheka hata waliokuwa wakigawa vinywaji. Umuhoza, aliyekuwa ndani akisubiri kuitwa, alitoka baadaye macho yamevimba, na watu waliona.

Kesho yake Havugimana alikuja Katindo kwa miguu. Ilikuwa mara ya kwanza afike kwenye miche. Alisimama katikati ya vikopo akiogopa kukanyaga, na safari hii hakutazama chini.

"Mutoto wangu hakukata muti," akasema.

"Hata mama yangu hakukukosea kitu."

"Najua. Uniambie unataka nini. Nimechoka."

Dative alikuwa amelisubiri hilo neno muda mrefu, na lilipofika lilikuwa tamu kuliko alivyofikiri. Hakuharakisha. Alimalizia kumwagilia mstari mmoja, akaweka chini kopo, ndipo akamwambia. Miti thelathini na mmoja irudi, ile ile: mivumu, misave, murinzi. Miche atatoa yeye Dative. Kuchimba atachimba Havugimana kwa mikono yake, bila kijana wa kumsaidia. Na kwenye kila shimo, mbele ya watembezi wote, atataja jina la familia ya ule mti na kusema kwamba ni yeye aliyeukata. Akishamaliza, Dative hatalitamka tena lile jina la Kipara.

Havugimana akauliza kama anaweza kuyaandika majina kwenye karatasi. Dative akasema familia zile hazikumpa yeye karatasi, zilimwambia kwa mdomo.

Kwa hiyo mchana wa siku tatu mfululizo, mwenye depo ya Birere alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya barabara, kama mtoto wa katekisimu, akikariri. Motari walizima pikipiki zao ili wamsikie.

Jumapili hiyo walipanda watu karibu mia moja. Cibalonza alikuwepo, amesimama nyuma kabisa. Dative alibeba kigoda chake, akakaa. Udongo wa Kamivumu haufiki goti. Chini yake ni jiwe, na shimo moja la kupandia linataka mtaimbo. Havugimana alitoboa la kwanza, akachomeka gogo bichi la muvumu, ambalo huota lenyewe, akasema: kwa Sebahire, watu saba na mtoto muchanga, niliukata mimi. Akaenda la pili. Shati lake likalowa, akalivua, akabaki na singleti. Kwenye la kumi watu waliacha kunong'ona. Kwenye la kumi na tisa alichomeka musave, akasema kwa Mirindi.

"Kwa Nsengimana," Dative akasema kutoka kwenye kigoda. "Anza tena."

Havugimana alimtazama bila kuelewa.

"Majina. Toka wa kwanza."

Mtu mmoja kwenye umati akasema jamani inatosha. Dative hakugeuza shingo. Havugimana aliegemeza mtaimbo kwenye kisiki, akarudi mpaka shimo la kwanza, akayasema yote tena, mti kwa mti, nani alilala hapo, niliukata mimi, mpaka akafika la kumi na tisa na kusema kwa Nsengimana. Kisha akaendelea. Jua lilikuwa limeshapita utosini alipofika juu, penye kaburi. Dative alimpa mwenyewe ule mche wa murinzi uliotokana na tawi la siku ile.

"Nyirarukundo, mama ya Dative," Havugimana akasema. "Niliukata mimi. Ulikuwa unazuia kamio."

Alinyoosha mkono ili wapeane. Dative aliuangalia ule mkono, malengelenge yake yamepasuka, akauwekea bido, dumu la maji.

"Murinzi unataka maji leo," akasema. "Na mingine yote mpaka mvua irudi."

Dative alitimiza ahadi yake. Alipaka rangi nyeusi juu ya jiwe, na jina la Kipara halikutoka tena mdomoni mwake. Motari ni watu wazima, hakuwa na mamlaka juu ya ndimi zao. Waliendelea kusema "mpaka Kipara", na Havugimana alipolalamika Dative alimjibu kwamba yeye amenyamaza kama walivyopatana. Cibalonza alirudi kwenye kundi, huku ile mikaratusi michache aliyoiokoa ikikua nyuma ya nyumba yake, na hakuigusa tena habari ile ila mara moja, alipomwuliza Dative atamwachilia lini yule mtu. Dative akasema miti ikishika.

Kiangazi cha kwanza Havugimana alipanda kila Jumamosi na bido mbili, moja kila mkono, akipumzika mara nne njiani. Dative alikuwa akimsubiri juu, kwenye kigoda. Alimwonyesha kwa kidole mti upi, naye akamwaga. Mivumu ilishika upesi kama ilivyo desturi yake. Misave miwili ilikufa, ikapandwa mingine. Mwaka wa pili murinzi ulitoa ua lake la kwanza, na Jumapili moja watembezi wakapiga kelele kwa furaha kwa sababu chozi alikuwa amerudi, wa kijani anayeng'aa, ananing'inia kichwa chini kwenye lile ua. Watoto walimvuta Dative mkono aone. Aligeuka akiwa amechelewa. Hakukosa kwa bahati mbaya: siku hizo, hata Jumapili, macho yake yalikuwa kwenye njia, yakimtafuta Havugimana. Alikumbuka kwamba ilikuwa muda mrefu hajahesabu ndege, akajisemea ataanza wiki ijayo.

Katikati ya kiangazi cha pili Havugimana aliugua. Moyo, walisema, na safari hii haukuwa uongo. Jumamosi ilipofika alimtuma mfanyakazi wa depo, mtu mwenye nguvu, aliyepanda kilima bila kupumzika na bido zake zimejaa pomoni. Alimsalimia Dative kwa heshima akauliza aanzie wapi.

Dative alimwambia ashuke nazo. Mfanyakazi akadhani hakusikia vizuri, akaeleza tena kwamba patron yuko kitandani. Dative akamwambia amesikia, na kwamba hii kazi ina mwenyewe. Aliyatazama maji yakirudi chini, yakimwagika kidogo kwenye kila hatua, na majani ya misave yalikuwa yamejikunja kwa kiu. Yeye mwenyewe hakuleta maji. Angeweza.

Jumatano jioni Havugimana alikuja. Motari alimfikisha chini ya kilima, akataka kumbebea bido, lakini yeye akakataa. Alikuwa amepungua, suruali imefungwa kwa kamba, na bido ilikuwa moja tu, haijafika hata nusu. Alichukua karibu saa nzima kupanda. Dative, aliyekuwa ameletewa habari na kufika kabla yake, alimwona akikaa kwenye mawe, akiinuka, akikaa tena, na mara moja aliinuka kwenye kigoda kana kwamba anataka kushuka. Kisha akaketi.

Havugimana alifika mbele yake akihema. Dative alimwacha aheme mpaka pumzi ikatulia. Halafu akanyoosha kidole, akamwonyesha musave wa kwa Nsengimana.